Historia Fupi ya Gemu Tusizocheza

Nina gemu 231 kwenye akaunti yangu. Nimewahi kufungua 74. Zile nimemaliza, nikihesabu kwa vidole, vidole vinabaki. Nikitaja hizi namba mbele ya watu wa rika langu hakuna anayeshtuka. Kila mtu anataja zake, na kawaida huwa mbaya kuliko zangu. Tunacheka. Lakini kicheko chenyewe ni kama cha mtu aliyeulizwa deni lake la Fuliza limefika ngapi.

Juzi nilipiga hesabu. Gemu 157 sijawahi kugusa. Tuseme kila moja inataka saa kumi, na hapo ni kujihurumia, kwa sababu ziko zinazotaka mia. Hizo ni saa 1,570. Nikicheza saa moja kila siku, bila kuugua, bila stima kupotea, nitamaliza baada ya miaka minne na miezi kadhaa. Huo ni muda wa digrii nzima. Na digrii naijua kidogo: niliacha yangu mwaka wa tatu, karo ilipokataa kupatikana, na tangu hapo kila harusi na kila matanga hakukosi shangazi wa kuniuliza, "Na hiyo shule, utamaliza lini?" Kwa hivyo neno "kumaliza" lina uzito kwangu kuliko linavyoonekana.

Ndiyo maana nilitaka kujua hili rundo lilitoka wapi. Kitu kinachokufanya ujione umeshindwa, ni vizuri kwanza ukiulize kilizaliwa lini, na nani anakula kupitia kwacho.

Kuuziwa dakika

Biashara ya gemu ilianza kwa kuuza muda. Mwaka 1972 kampuni ya Atari iliweka mashine yake ya kwanza ya Pong kwenye baa moja mjini Sunnyvale, California. Siku chache baadaye mwenye baa akapiga simu kwamba mashine imekwama. Fundi alipoifungua alikuta kisanduku cha sarafu kimejaa hadi pomoni.

Mashine za namna hiyo zilikuwa na mantiki moja: ukikaa muda mrefu kwa sarafu moja, mwenyewe anapata hasara. Kwa hivyo gemu zilitengenezwa zikuue haraka. Space Invaders ya 1978 inaongeza kasi kadiri unavyowapunguza maadui. Pac-Man ya 1980 haina ushindi wa mwisho. Hukuwa na chochote cha kumaliza na hukuwa na chochote cha kupeleka nyumbani. Ungeweza kuishiwa na pesa, lakini hungeweza kuwa na rundo.

Hata mashine za nyumbani za kwanza hazikusaidia sana. Pong ya nyumbani iliyouzwa Krismasi ya 1975 ilikuwa ni Pong tu. Gemu ilikuwa imeshikanishwa ndani ya mashine kama injini kwenye gari. Ukichoka na Pong, umechoka na mashine nzima.

Mtu aliyefungua mlango anaitwa Jerry Lawson, mhandisi Mweusi kutoka New York, enzi ambayo Weusi waliokuwa wakifanya kazi hiyo California walikuwa wachache mno. Wazo la awali lilitoka kampuni ndogo iliyoitwa Alpex. Lawson na timu yake kule Fairchild wakaligeuza kuwa kitu mtu anaweza kununua dukani. Mwaka 1976 wakatoa konsoli ya Channel F, ya kwanza duniani kutumia katriji, zile ambazo sisi huku tuliziita kaseti. Tatizo gumu lilikuwa la kimakanika: kaseti ichomekwe na kuchomolewa maelfu ya mara, na mtoto, bila kuharibika.

Kuanzia hapo mashine na gemu vikawa vitu viwili. Na siku mashine na gemu zilipoachana, ikawezekana kuwa na gemu nyingi kuliko muda wako.

Rundo la kwanza halikuwa letu

Kitu ambacho watu hukosa kuona ni kwamba rundo kubwa la kwanza la gemu zisizochezwa halikukaa kwa nyumba ya mchezaji. Lilikaa kwa bohari ya muuzaji.

Atari walifuata njia ya kaseti mwaka 1977. Mwaka 1979 baadhi ya waandishi wao wa programu waliondoka na kuanzisha Activision, na ghafla ikajulikana kwamba mtu yeyote anaweza kutengeneza kaseti za mashine ya mwingine. Kila mtu akaingia. Maduka yakajaa. Atari wenyewe walitengeneza gemu ya filamu ya E.T. kwa takriban wiki tano ili iwahi Krismasi ya 1982, wakachapisha kaseti kwa mamilioni, na nyingi hazikuuzika au zilirudishwa. Mauzo ya gemu za nyumbani Marekani yalishuka kutoka takriban dola bilioni 3.2 mwaka 1983 hadi takriban dola milioni 100 mwaka 1985.

Septemba 1983 Atari walipakia mzigo wao kwenye malori wakaupeleka jaa la taka la Alamogordo, New Mexico, wakaufukia. Kwa miaka mingi watu walidhani ni porojo. Aprili 2014 jaa likachimbwa na kaseti zikatoka, E.T. zikiwemo, takriban 1,300. Meneja wa zamani wa Atari aliyesimamia maziko hayo alisema waliofukia walizika 728,000.

Fikiria hiyo picha vizuri. Gemu ambayo haikuchezwa ilikuwa na uzito. Ilitaka lori, ilitaka shimo, ilitaka mtu wa kulipwa afukie. Hasara ya gemu isiyochezwa ilikuwa ya aliyeitengeneza.

Nintendo walijifunza. Walipoingia Marekani mwaka 1985 waliweka kifaa maalum kwenye mashine kinachokataa kaseti isiyo na kibali, na kila kampuni ikaruhusiwa gemu tano tu kwa mwaka. Konami walibanwa hadi wakafungua jina la pili, Ultra, wapate nafasi tano zingine. Uchache ukawa sera.

Sisi na 9999

Huku kwetu uchache haukuhitaji sera. Wengi wetu tulianza na zile TV game zilizoiga mashine ya Nintendo, na kaseti ya manjano iliyoandikwa 9999 in 1. Ukiwa mtoto unaamini. Unabonyeza kurasa kwa kurasa, na baada ya wiki unagundua ziko gemu chache tu zinazojirudia kwa majina tofauti. Ile kaseti ilikuwa utani wa mapema kuhusu maisha yangu ya sasa: wingi mkubwa kwenye orodha, na mkono unaorudi palepale.

Halafu zikaja PlayStation za mtaani. Chumba cha mabati, televisheni mbili tatu, benchi, na jamaa mwenye daftari. Sony walikuwa wamebadilisha kaseti kuwa diski, na diski hunakiliwa. Kwa hivyo gemu zilikuwepo, lakini padi hazikutosha. Kumi bob, mechi moja. Ukifungwa unaachia padi. Unaona? Ilikuwa ile baa ya Sunnyvale imerudi: tunauziwa dakika.

Watu wa rika langu hupenda kuisifu hiyo enzi. Wanasema tulifurahia zaidi kwa sababu vitu vilikuwa haba. Mimi siafiki. Nakumbuka kuanza San Andreas kutoka mwanzo mara zisizohesabika kwa sababu memori kadi ilikuwa ya mwenyewe na nafasi zilijaa. Misheni za kwanza nazijua kama sala. Mwisho wa ile hadithi niliusimuliwa na watu. Uhaba nao huacha vitu nusu, ila hautuachii aibu, kwa sababu kila mtu anajua sababu ni pesa.

Bohari inahamia kwako

Septemba 2003 kampuni ya Valve ilizindua Steam. Mwanzoni ilikuwa njia ya kusasisha gemu zao wenyewe, na watu waliichukia. Mwaka 2004, ulipotaka kucheza Half-Life 2 ilibidi uwe na Steam, hata kama umenunua diski dukani. Kuanzia 2005 wakawauzia gemu watengenezaji wengine. Hapo ndipo hesabu ya Alamogordo ilipinduka.

Nakala ya kidijitali haina gharama ya kuchapisha wala ya kuhifadhi. Haikai bohari, haihitaji shimo. Kwa hivyo muuzaji anaweza kushusha bei hadi robo, hadi sehemu ya kumi, na bado anapata. Zikaja ofa za msimu. Mwaka 2010 zikaja Humble Bundle: lipa unachotaka, uondoke na gemu kadhaa kwa mpigo. Desemba 2018 duka la Epic likafunguliwa likigawa gemu za bure, na likaendelea kugawa. Tangu 2017, mtu yeyote anaweza kupeleka gemu Steam kwa kulipa dola 100. Mwaka 2024 zilitoka zaidi ya 18,000 kwenye duka hilo moja. Hizo ni karibu hamsini kwa siku.

Rundo halikuisha. Lilihama. Lilitoka kwa bohari ya muuzaji likaingia kwa akaunti ya mnunuzi, na aibu ikahama nalo. Mwaka 2014, mwaka uleule jaa lilipochimbwa, gazeti la mtandaoni la Ars Technica lilikadiria kwamba takriban asilimia 37 ya gemu zilizosajiliwa kwa wachezaji wa Steam hazikuwa zimefunguliwa hata mara moja. Zaidi ya gemu milioni 280. Hakuna lori lililoitwa.

Sisi Wakenya tuliingia kwa kuchelewa. Nyaya za baharini zilifika Mombasa mwaka 2009, na intaneti ikaanza kuwa kitu cha nyumbani. Kilichobaki kilikuwa malipo, maana duka la dola halijui shilingi kumi. Mwaka 2022 M-Pesa ikatoa kadi yake ya Visa ya kwenye simu. Ghafla mtu aliyelipwa elfu mbili kwa makala, saa sita usiku, anaweza kununua gemu nne za dola mbili mbili kabla hajawaza kodi ya nyumba. Mtu aliyekua akiachia padi akifungwa hawezi kuona asilimia 90 ya punguzo akapita tu. Anajinunulia utoto.

Na si mali yako

Lakini shika hapa. Ile kaseti ya manjano ilikuwa yangu. Ningeweza kuiuza, kuigawa, kuivunja. Hizi 231 si zangu. Nimenunua ruhusa. Machi 2024 Ubisoft walizima seva za The Crew, gemu ya magari ya mwaka 2014, na waliokuwa wameilipia wakabaki na jina kwenye orodha. Mwaka huohuo jimbo la California lilipitisha sheria inayotaka maduka ya kidijitali yamwambie mnunuzi wazi kwamba anapewa leseni. Na utafiti wa 2023 wa Video Game History Foundation ulikuta kwamba asilimia 87 ya gemu zilizotoka Marekani kabla ya 2010 hazipatikani tena sokoni kwa njia ya kawaida.

Kwa hivyo ule uongo mtamu wa rundo, kwamba "nitaicheza nikipata muda", una mashimo mawili. Muda huenda usipatikane. Na gemu nayo huenda isikungoje.

Watu waliwahi kupita hapa kabla yetu. Mwaka 1545, takriban karne moja baada ya mashine ya kuchapa ya Gutenberg, msomi wa Uswisi Conrad Gessner alilalamikia wingi wa vitabu unaowachanganya watu. Hakujaribu kuvisoma vyote. Alitengeneza katalogi ya vitabu vya Kilatini, Kigiriki na Kiebrania. Wajapani nao, katika enzi ya Meiji, walipata neno tsundoku, la kununua vitabu na kuviacha virundikane. Neno lenyewe lina utani ndani yake, halina hukumu. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na pia kwamba mtaka yote hukosa yote. Gessner angekubaliana na yote mawili.

Mimi nimechukua daftari la kawaida, la shilingi thelathini. Lina mistari mitatu: gemu tatu, basi. Moja ndefu, moja fupi, moja ya kucheza na watu. Zile zingine 228 nimezificha zisionekane nikifungua kompyuta. Gemu inatoka kwenye daftari kwa njia mbili: nimeimaliza, au imenichosha. Zote mbili naziandika kwa kalamu ileile, na sinunui nyingine mpaka mstari uwe wazi. Ofa ya mwisho ilipita nikiwa sijanunua kitu, na dunia haikuisha.

Njia ya pili ndiyo iliyonichukua muda kuizoea. Kuacha gemu saa ya nne kwa sababu haina kitu kingine cha kunipa si sawa na kushindwa. Nimeanza kuliamini hilo kwa gemu, na pole pole naliamini kwa mambo makubwa zaidi. Siku shangazi akiniuliza tena, nitamjibu kwa heshima kwamba ile shule niliitoa, na nitamwambia kilicho kwenye mashine sasa hivi.

Hata Lawson alilijua hilo. Kuchomeka kaseti ilikuwa nusu tu ya kazi yake. Nusu ya pili ilikuwa kuhakikisha inachomoka bila kuharibu chochote.