Jinsi ya kufanya slaidi zicheze ipasavyo kutoka kwenye tovuti

ASASI nyingi humu nchini, zikiwemo serikali za kaunti, vyuo na mashirika ya kijamii, huweka maonyesho ya slaidi kwenye tovuti zao ili umma uyatazame. Aliyeyaandaa hubofya kiungo akiwa ofisini, akaona kila kitu kimenyooka, akaifunga kazi. Msomaji aliye Lodwar au Kwale akibofya kiungo hicho hicho kwa simu yake, huenda akapata faili isiyofunguka, video iliyogeuka mraba mweusi, au maandishi yaliyomwagika nje ya ukurasa.

Aliyetuma hana habari, kwa kuwa kwake mambo ni shwari. Aliyetumiwa naye amekwisha kutumia bando lake bure.

Hili si jambo dogo. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya 2016 ikaweka utaratibu wa kuitekeleza haki hiyo. Makadirio ya bajeti yaliyotolewa kwa slaidi zisizofunguka hayamfai mwananchi anayetaka kutoa maoni kabla ya siku ya mwisho.

Makala haya yanaeleza kiini cha hitilafu hizo na namna ya kuziepuka.

Chanzo cha tatizo

PowerPoint, programu maarufu zaidi ya kutayarishia slaidi, ilitolewa mwaka wa 1987 na kampuni ndogo ya Marekani iliyoitwa Forethought. Robert Gaskins ndiye aliyelianzisha wazo hilo, na Dennis Austin akawa miongoni mwa wataalamu walioiandika programu yenyewe. Ilianzia kwenye tarakilishi za Macintosh, na mwaka huo huo Microsoft ikainunua Forethought kwa dola milioni 14. Wavuti haikuwapo wakati huo. Tim Berners-Lee aliandika pendekezo lake la kwanza kuihusu mwaka wa 1989.

Kwa hivyo, slaidi zilibuniwa zimsaidie msemaji aliye mbele ya hadhira, akitumia mtambo wake mwenyewe uliosheheni fonti zake, picha zake na sauti zake. Faili hiyo inapowekwa kwenye kiungo, husafiri peke yake. Chochote kilichobaki katika tarakilishi ya mwenyewe hakimfikii msomaji. Hitilafu nyingi zitakazotajwa hapa zinatokana na ukweli huo mmoja.

Kiendelezi cha faili

Herufi zinazofuata nukta katika jina la faili ndizo huiambia tarakilishi ifanye nini. Faili za kawaida za PowerPoint za kati ya 1997 na 2003 ziliishia kwa .ppt, na tangu toleo la 2007 huishia kwa .pptx. Faili za namna hii hufunguka katika hali ya kuhaririwa: msomaji huona slaidi pamoja na vyombo vyote vya kuzirekebishia.

Ukitaka onyesho lianze moja kwa moja na kuujaza uso wa skrini, ihifadhi faili kama onyesho, yaani .pps kwa matoleo ya zamani au .ppsx kwa mapya. Hata hivyo, yapo mambo mawili ya kukumbuka. Kwanza, msomaji sharti awe na programu inayoweza kulicheza onyesho hilo. Zamani Microsoft ilitoa programu ya bure ya kutazamia tu, lakini iliiondoa Aprili 2018. Pili, tangu toleo la 2010, faili zilizotoka mtandaoni hufunguliwa kwanza katika hali ya ulinzi, hadi msomaji aidhinishe mwenyewe. Mweleze hivyo kando ya kiungo, asije akadhani faili imeharibika.

Seva nayo ina lake

Seva inapotuma faili, hutanguliza tangazo fupi linalokieleza kivinjari aina ya kitu kinachokuja. Tangazo likikosewa, faili nzima huchukuliwa kuwa kitu kingine. Seva ikisema kwamba yaja maandishi matupu, msomaji huletewa ukurasa uliojaa alama zisizosomeka.

Mfano bora ni wa mwaka wa 2007, muundo wa .pptx ulipoingia. Kwa undani wake, faili ya .pptx ni furushi la zip lenye faili nyingine ndogo ndani yake. Seva za zamani hazikuujua muundo huo mpya, na kivinjari cha Internet Explorer kilipolikagua furushi kikaamua kulihifadhi kama .zip. Watu wengi walifungua wakakuta mafaili ya ajabu badala ya slaidi.

Tiba yake ni kumwomba msimamizi wa seva asajili aina zifaazo. Faili za .ppt na .pps hutangazwa kama application/vnd.ms-powerpoint. Zile za .pptx hutangazwa kama application/vnd.openxmlformats-officedocument.presentationml.presentation, na za .ppsx hufuata jina lilo hilo, ila neno la mwisho huwa slideshow. Hii ni kazi ya dakika chache, lakini haiwezi kufanywa kutoka ndani ya PowerPoint.

Jina la faili na anwani

Jina kama "Bajeti Yetu MPYA.pptx" ni balaa. Nafasi baina ya maneno hugeuzwa kuwa %20 katika anwani, na kiungo kikinakiliwa kwenye barua-pepe au ujumbe wa simu, mara nyingi hukatika pale penye nafasi. Isitoshe, seva zinazotumia Linux hutofautisha herufi kubwa na ndogo, hivyo kwake Bajeti.pptx na bajeti.pptx ni faili mbili tofauti. Tumia herufi ndogo, tarakimu na vistari pekee: bajeti-2024.pptx.

Hakikisha pia kwamba anwani inaanza kwa https na jina la tovuti. Kiungo kinachoanza kwa C: kinaelekeza ndani ya tarakilishi yako wewe. Kwako kinaweza kufunguka vizuri, na kwingine kote kisifunguke.

Sauti na video

Hapa ndipo maonyesho mengi hukwama. Katika matoleo ya kabla ya 2010, video haikuwekwa ndani ya faili. PowerPoint iliandika tu mahali ilipo katika tarakilishi ya mwenyewe. Sauti za MP3 nazo zilifanyiwa vivyo hivyo. Sauti za WAV pekee ndizo zilizoweza kuingizwa, tena zile zisizozidi kilobaiti 100, isipokuwa mtumiaji awe ameubadilisha mpaka huo. Faili ilipopanda mtandaoni, video ikabaki nyumbani.

Tangu toleo la 2010, video huingizwa ndani ya faili mtumiaji asipochagua vinginevyo. Basi ukiwa na onyesho la zamani, lifungue katika toleo jipya, uzifute video na sauti zilizounganishwa kisha uziingize upya. Chagua video za MP4, kwa kuwa hizo huchezwa na simu na tarakilishi nyingi kuliko aina nyinginezo.

Fonti

Fonti uliyoichagua ikikosekana katika mtambo wa msomaji, mtambo huo huteua nyingine. Herufi zikiwa pana zaidi, mistari huvunjika na maneno kufunika picha. Tumia fonti za kawaida, au uagize PowerPoint izipachike fonti ndani ya faili unapohifadhi. Kupachika huiongezea faili uzito, na baadhi ya fonti haziruhusu kupachikwa kwa sababu za leseni.

Uzito wa faili

Hadi 2009, Kenya ilitegemea setilaiti kwa mawasiliano ya intaneti na ulimwengu wa nje. Mwaka huo nyaya za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa kupitia baharini na kasi ikaongezeka mno. Hata hivyo, wasomaji wengi hulipia data kwa vipimo, na faili nzito ni gharama kwao.

Picha moja ya simu ya kisasa yaweza kufikia megabaiti nne. Ukiweka picha 20 za aina hiyo, faili inakaribia megabaiti 80. Slaidi haihitaji picha inayozidi pikseli 1920 kwa 1080. Zipunguze kabla ya kuziingiza, au utumie amri ya kubana picha iliyomo ndani ya PowerPoint. Kisha andika uzito wa faili kando ya kiungo ili msomaji ajiamulie.

Njia mbadala

Si lazima slaidi zitolewe kama faili ya PowerPoint. Kama onyesho ni maandishi na picha tu, zigeuze ziwe PDF. Muundo huo uliotolewa na Adobe mwaka wa 1993 ulikubaliwa kuwa kiwango cha kimataifa mwaka wa 2008, na karibu kila kivinjari huufungua. Fonti huweza kusafiri ndani yake. Vinavyopotea ni miondoko, sauti na video.

Ikiwa miondoko na sauti ndiyo roho ya onyesho, lihifadhi kama video ya MP4. Litacheza kama ulivyolipanga, ingawa msomaji hataweza kubofya viungo vilivyomo ndani ya slaidi.

Njia ya tatu ni Google Slides. Humo, anwani ya kawaida huishia kwa sehemu inayoanza na /edit. Ukiifuta sehemu hiyo na kuandika /present, kiungo hufungua onyesho lenyewe. Ukiichapisha kazi kwenye wavuti, unaweza kuagiza slaidi zianze zenyewe na zibadilike kila baada ya muda fulani. Katika anwani utakayopewa, delayms=3000 humaanisha sekunde tatu. Kwa msomaji wa kawaida muda huo ni mfupi mno. Sekunde 15 au 30 zinafaa zaidi. Usisahau kumruhusu kila mwenye kiungo kutazama, la sivyo ataombwa idhini ambayo wewe huenda ukaijibu kesho.

Epuka njia zilizokwisha kufa. Amri ya kuhifadhi slaidi kama ukurasa wa wavuti iliondolewa katika PowerPoint ya 2010. Adobe nayo iliacha kuihudumia Flash mwishoni mwa 2020, na slaidi zilizogeuzwa kwa teknolojia hiyo hazifunguki tena katika vivinjari vya sasa. Kama tovuti yako ingali na viungo vya aina hiyo, zitafute faili asilia uzitoe upya.

Siri zinazosafiri bila kualikwa

Faili ya PowerPoint hubeba pia yale usiyokusudia. Maandishi ya msemaji yaliyo chini ya slaidi, slaidi zilizofichwa, na jedwali zima la hesabu lililo nyuma ya chati moja, vyote humfikia atakayeipakua. Kabla ya kuchapisha, tumia amri ya kukagua hati iliyo katika menyu ya faili, au utoe PDF ya slaidi pekee.

Wakumbuke pia wasomaji wasioona. Programu zinazowasomea kwa sauti huhitaji maelezo mafupi kwa kila picha, na haziwezi kusoma vyema maandishi yaliyopigwa picha.

Jaribio la mwisho

Usikijaribu kiungo kwa tarakilishi iliyotengeneza slaidi. Mtambo huo una kila kitu, nao hautakuonyesha kasoro. Badala yake:

1. Fungua kiungo kwa simu ya mtu mwingine, kwa data ya simu wala si kwa intaneti ya ofisi.

2. Kifungue pia katika dirisha la faragha la kivinjari, bila kuingia katika akaunti yoyote.

3. Pitia slaidi zote hadi ya mwisho, ukicheza kila sauti na video.

4. Pima muda ambao faili imechukua kufunguka.

5. Weka nakala ya PDF kando ya kiungo kikuu, ili atakayeshindwa na kimoja asikose vyote.

Jaribio hilo halizidi robo saa, na lifanywe kila faili inapobadilishwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta.