Kesi ya treni ndogo iliyolinda programu huria

Kichwa cha treni cha kuchezea, kinachoenea kwenye kiganja, siku hizi mara nyingi hutoka kiwandani kikiwa na chipu tumboni iitwayo dikoda. Dikoda ina anwani yake, kwa kawaida namba 3 inapotoka kiwandani, na orodha ndefu ya vipimo: hiki kinaamua treni ichukue muda gani kushika kasi, kile inavyopunguza mwendo kabla ya kusimama. Zamani ukiongeza umeme relini, kila treni iliyokuwa juu ya reli hiyo ilikimbia; sasa anwani hukuwezesha kuiamuru moja tu. Kampuni ya Kijerumani ya Lenz ndiyo iliyobuni msingi wa teknolojia hii mpya, na katika miaka ya 1990 NMRA, chama cha wapenzi wa treni ndogo cha Marekani, kikaifanya kuwa kiwango cha wote.

Kero ilikuwa moja. Kila kiwanda kilipanga vipimo kivyake, na mwenye treni alibaki kupekua vitabu vya maelezo. Robert Jacobsen, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, pamoja na wenzake wa kujitolea, waliandika JMRI, programu ya kompyuta ya kuendesha treni hizo na kupanga vipimo vyake. Ndani yake mlikuwa na DecoderPro, yenye mafaili yanayoeleza dikoda za viwanda mbalimbali. Waliigawa bure kwa leseni iitwayo Artistic License: chukua, badilisha, gawa, lakini taja walioitunga na ueleze ulichobadili.

Oregon nako alikuwepo Matthew Katzer, ambaye kampuni yake iliuza programu za kazi hiyohiyo. Kuanzia 2005 alimwandikia Jacobsen kudai kwamba JMRI inakiuka hataza yake, kisha akampelekea ankara ya zaidi ya dola 200,000. Ankara hiyo ilikwenda kwa mtu asiyeuza chochote! Hata Idara ya Nishati ya Marekani, inayogharamia maabara alikofanya kazi Jacobsen, iliombwa itoe nyaraka zinazomhusu. Machi 2006 Jacobsen akatangulia mahakamani.

Huko mambo yakageuka. Ilibainika kwamba programu ya Katzer, Decoder Commander, ilibeba maelezo ya dikoda yaliyotolewa kwenye DecoderPro, majina ya watunzi na tangazo la hakimiliki vikiwa vimeondolewa. Hata hivyo, Agosti 2007 mahakama ya San Francisco ilimnyima Jacobsen zuio la muda dhidi ya Katzer, ikiona kwamba aliyepuuza masharti ya leseni pana kiasi hicho huenda amevunja mkataba tu. Uamuzi huo ulikuwa hatari. Kwenye mkataba unatakiwa uonyeshe hasara, na kitu ulichogawa bure utakihesabia hasara gani? Kwenye hakimiliki unaweza kuomba mkiukaji azuiwe.

Wikimedia Foundation, Creative Commons na Linux Foundation ni miongoni mwa waliomuunga mkono Jacobsen kwenye rufaa, maana programu na maandishi yao yanasimama juu ya leseni za namna hiyo. Tarehe 13 Agosti 2008 mahakama ya rufaa ya Washington ilitengua uamuzi: masharti ya leseni huria yanalindwa na sheria ya hakimiliki, na anayetoa kazi yake bila malipo bado ana faida ya kiuchumi ya kulinda, kama vile sifa na maboresho yanayotoka kwa wengine.

Hukumu hiyo haikumpa Jacobsen kila kitu. Kesi iliporudi chini, Januari 2009, alinyimwa tena zuio la muda kwa kutoonyesha madhara yasiyoweza kufidiwa. Katzer naye alikuwa ameshaiachia hataza yake mapema 2008, kabla mahakama haijaamua uhalali wake, jambo ambalo kwangu linasema mengi kuhusu ile ankara.

Februari 2010 walimalizana. Katzer alikubali kulipa dola 100,000 katika miezi 18, na akazuiwa daima kutumia kazi ya JMRI. JMRI sasa iko chini ya leseni nyingine huria, GPL, na hadi leo inapakuliwa bure.