Haki ya jinai kwa watoto: Chienge na mwambao wa Ziwa Mweru

Haki ya jinai kwa watoto ni utaratibu wa kisheria unaomshughulikia mtoto anayetuhumiwa kutenda kosa kwa njia tofauti na ya mtu mzima. Mahakama ya watu wazima hupima kosa, kisha hutoa adhabu inayolingana nalo. Ya watoto hupima kosa pamoja na malezi, shule na nyumbani kwa mtuhumiwa. Wilaya ya Chienge, katika Mkoa wa Luapula nchini Zambia, inafuata sheria za taifa zima, lakini umbali wake na taasisi za watoto hupunguza manufaa ya tofauti hiyo.

Sheria

Kuanzia 1956 Zambia ilitumia Sura ya 53 ya sheria zake, iliyomwita aliye chini ya miaka 16 mtoto, na wa 16 hadi kabla ya 19 kijana. Zambia iliridhia Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa mwaka 1991. Mwaka 2022 Bunge lilipitisha Kanuni ya Watoto, Sheria Na. 12, iliyochukua nafasi ya Sura ya 53. Mtoto sasa ni yeyote mwenye miaka 18 au chini yake, kama Katiba ilivyokwisha kueleza baada ya marekebisho ya 2016.

Umri wa kuwajibika kwa jinai hutofautiana kati ya nchi jirani. Kwa miongo mingi Kanuni ya Adhabu ya Zambia iliuweka kwenye miaka 8. Wa 8 hadi 12 aliwajibishwa ikithibitishwa tu kwamba alijua anachokifanya ni kibaya. Tanzania Bara imeuweka kwenye 10, na Kenya ikaupandisha hadi 12 mwaka 2022. Ng'ambo ya Ziwa Mweru, sheria ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya Januari 2009 haimwajibishi aliye chini ya miaka 14. Chini ya kanuni ya zamani ya Zambia, mvulana wa miaka 13 aliyeiba chisense, samaki wadogo wa ziwa hilo, walioanikwa aliweza kushtakiwa Chienge. Huko Pweto, upande wa Kongo, asingeshtakiwa.

Mahakamani

Kesi ya mtu mzima husikilizwa hadharani. Ya mtoto husikilizwa faraghani, katika chumba kingine au kwa saa nyingine, mzazi au mlezi akiwepo, na magazeti hayaruhusiwi kumtaja. Sura ya 53 ilikataza hata maneno "kutiwa hatiani" na "hukumu" yasitumike kwa mtoto. Kabla hakimu hajaamua, afisa wa ustawi wa jamii huandika taarifa kuhusu kaya: nani anamlea, kama anasoma, nani yuko tayari kumchukua.

Utaratibu wa zamani ulikuwa na mwanya. Tuseme mvulana wa miaka 15 na mwenzake wa miaka 25 wamekamatwa katika mtumbwi mmoja wakiwa na nyavu za wizi. Wakishtakiwa pamoja, kesi ilikwenda mahakama ya kawaida, na mtoto akakosa faragha aliyowekewa. Katika jamii ya wavuvi, ambako wavulana hujifunza kazi kwa kupanda chombo cha wakubwa, hali hiyo si ngeni.

Adhabu na umbali

Chini ya sheria ya zamani, aliye chini ya miaka 18 hakuweza kuhukumiwa kifo, na Sura ya 53 ilikataza kumfunga gerezani aliye chini ya miaka 16. Badala yake hakimu aliweza kumwachia, kumweka chini ya uangalizi, kumkabidhi kwa mlezi anayefaa, au kumpeleka shule ya maadilisho. Viboko vilifutwa mwaka 1999, Mahakama Kuu ilipotamka katika shauri la John Banda kwamba vinapingana na Katiba.

Taasisi za kumpokea mtoto wa Luapula ziko mbali. Shule ya maadilisho ya Katombora iko karibu na Zambezi, upande wa Livingstone. Shule ya Nakambala iko Mazabuka. Nyumba ya wasichana ya Insakwe iko Ndola. Atokaye Chienge kwenda Katombora hupitia Kashikishi, Nchelenge na Mansa, kisha Lusaka, safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Chini ya sheria ya zamani, amri ya kupelekwa Katombora haikutekelezwa mpaka Mahakama Kuu iithibitishe. Watoto waliokuwa wakisubiri uthibitisho huo mara nyingi waliwekwa katika magereza ya watu wazima, mahali ambapo sheria ilikusudia wasifike.

Kumwepusha mtoto na mahakama

Kanuni ya 2022 inaruhusu kosa dogo kumalizwa nje ya mahakama, kwa kuomba radhi, kulipa fidia au kufanya kazi ya jamii. Njia hiyo haikuwa ngeni kwa Wabwile wa Chifu Puta huko Chienge: baraza la wazee limezoea kuzikalisha familia mbili na kukubaliana fidia ya kilichopotea. Kwa mtoto wa mwambao, shauri linaloishia hapo humwondolea safari ya kusini na kumwacha karibu na wazazi wake.