Hifadhidata kubwa: Jinsi seva zinavyogawana majukumu

MKAZI wa Nyamache, Kaunti ya Kisii, anapomtumia mwanawe karo kwa simu, salio lake hubadilishwa katika seva zilizo mbali naye. Seva za M-Pesa, huduma iliyoanzishwa Machi 2007, zilikuwa Ujerumani hadi 2015 zilipohamishiwa Kenya. Umbali ulipungua. Lakini popote zilipo, seva nyingi zinapotunza hifadhidata moja huzuka swali: ipi ifanye kazi gani?

Mfano uko papo hapo Nyamache, penye kiwanda cha majanichai. Karani wa kituo cha kununulia chai hupima majani, hayakaushi. Vivyo hivyo, baadhi ya seva hupokea maombi na kuyaelekeza, nyingine huhifadhi data, na chache husimamia: hujua data ipi iko wapi na seva ipi imezimika.

Hizo chache ndizo nyeti zaidi. Mawasiliano yakikatika, kundi laweza kugawanyika pande mbili, kila upande ukajichagulia kiongozi. Hapo Sh1,000 zilizo katika akaunti moja zaweza kutolewa mara mbili! Kinga ni kwamba kiongozi sharti aungwe mkono na zaidi ya nusu ya wasimamizi wote. Wakiwa watatu, mfumo hustahimili kumpoteza mmoja; wakiwa watano, wawili. Wanne hawaongezi lolote, kwani wingi wao ni watatu, na hivyo bado ni mmoja tu awezaye kukosekana.

Msimamizi akibebeshwa pia data, shughuli za mwisho wa mwezi zaweza kumlemea hata wenzake wadhani amezimika. Uchaguzi mpya huanza, na wateja husubiri. Ndiyo maana Elasticsearch, iliyotolewa 2010, humruhusu fundi kuipa kila seva jukumu lake. Cassandra, ambayo Facebook iliitoa kwa umma 2008, ilichukua njia nyingine: seva zake zote ni sawa.

Shirika dogo, tuseme chama cha akiba na mikopo, halihitaji utengano huo. Seva tatu zinazofanya kila kazi zatosha. Data ikiongezeka, huongezwa seva za data pekee. Wasimamizi hubaki watatu au watano, ila wasiwekwe katika majumba mawili tu: jumba lenye wawili likikosa umeme, yule wa tatu hawezi kuchagua kiongozi peke yake. Huyo wa tatu hutafutiwa jumba lake.