Samaki Aumaye

Msomaji, usimdharau samaki mdogo akaaye katika maji haba ya mashamba ya mpunga ya Siamu, nchi iitwayo sasa Thailand. Wenyeji humwita pla kat, yaani samaki aumaye. Madume wawili wakikutana hupigana. Walakini dume huyo huyo hujenga kiota cha mapovu juu ya maji, akayalinda mayai mpaka watoto watoke.

Uchunguzi wa chembe za urithi uliotangazwa mwaka 2022 ulionyesha kwamba amefugwa kwa miaka isiyopungua 1,000. Wafugaji walichagua kwanza wakali kwa ajili ya mapigano. Baadaye wakachagua wenye rangi na mapezi marefu. Mwaka 1910 mtaalamu Charles Tate Regan alimwita Betta splendens, na mwaka 2019 Thailand ikamfanya kiumbe wa majini wa taifa.

Lakini heshima haimwondolei hatari. Wafugwao wakitupwa mitoni huzaana na wa porini, na asili ya kale ikachujuka. Basi, ukifuga kiumbe, mtunze, usimwachilie ovyo. Kilichojengwa na karne nyingi chaweza kuharibiwa na ndoo moja.