Mkeka, Vifuu na Mshahara wa Mwalimu: Historia Fupi ya Shule za Awali za Pwani

Kila unapozinduliwa mpango mpya wa malezi na makuzi ya watoto wadogo, kuna sentensi isiyokosekana katika hotuba ya mgeni rasmi: jamii ihamasishwe ili imiliki mpango huo. Wanafunzi wangu huinukuu katika tasnifu zao, wanaharakati huiweka katika maandiko ya kuombea fedha, na watumishi wa umma huirudia katika taarifa zao za robo mwaka. Siipingi. Nataka tu tuitafutie historia yake, kwa sababu ilikwisha kujaribiwa kwa dhati katika pwani yetu, kwa miaka mingi na kwa mafanikio, na majaribio hayo yalionyesha inapofika na inapokwama.

Ninauzungumzia Mpango wa Elimu ya Awali wa Madrasa, ulioanza Mombasa mwaka 1986, ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Wengi wanaujua kwa jina. Wachache wanajua ulivyozaliwa, na wachache zaidi wanajua swali ulilotuachia.

Tuanze na mkeka. Kwa karne nyingi mtoto wa pwani alianza kusoma chuoni. Alipelekwa kwa mwalimu angali mdogo, akaketi mkekani na wenzake, akaanza na alifu na bee, akaendelea hadi Juzuu ya Amma. Chuo kilikuwa taasisi ya jamii kwa maana kamili ya neno hilo: kilikuwa barazani kwa mwalimu au ubavuni mwa msikiti, na mwalimu alipewa kidogo kidogo, kadiri ya uwezo wa mzazi. Hakuna serikali iliyokianzisha wala kukigharimia.

Ukoloni ulileta shule ya aina nyingine, na kwa sehemu kubwa shule hiyo iliendeshwa na wamisionari. Wazazi wengi Waislamu waliiona kuwa mlango wa kumtoa mtoto katika dini yake, nao hawakuwa na hofu ya bure. Matokeo yake yalionekana baada ya uhuru. Watoto wengi wa pwani walichelewa kuanza darasa la kwanza, wengi waliacha mapema, na waliofika sekondari na chuo kikuu walikuwa wachache. Pengo hilo la elimu likageuka pengo la ajira, na pengo la ajira likageuka manung'uniko ya kisiasa ambayo tunayasikia hadi leo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viongozi wa Waislamu wa pwani ya Kenya walimpelekea Aga Khan suala hilo. Wanafunzi wa historia wasipite hapa haraka: wengi wa viongozi hao walikuwa Sunni, na waliyemwendea ni Imamu wa Ismailia. Haja ya watoto ilivuka mipaka ya madhehebu. Taasisi ya Aga Khan ilifanya uchunguzi, na jibu lililotokana nao lilikuwa kuanzia chini kabisa, kabla ya darasa la kwanza, na kuanzia mahali ambapo mzazi tayari ana imani napo, yaani madrasa.

Kazi hiyo alikabidhiwa Bi. Swafiya Said, mwalimu mwenye uzoefu wa miaka mingi. Mtaala uliojengwa uliunganisha mambo mawili ambayo wengi walidhani hayakai pamoja: maadili ya Kiislamu, lugha na mila za Waswahili kwa upande mmoja, na kwa upande mwingine mbinu ya kujifunza kwa kutenda iliyotoka katika taasisi ya HighScope ya Michigan, Marekani. Mbinu hiyo ilikuwa na historia yake. Kuanzia mwaka 1962, katika mji wa Ypsilanti, watoto 123 wa familia maskini za Wamarekani weusi walihusishwa katika utafiti. Baadhi yao walipata elimu ya awali iliyo bora na wengine hawakuipata, kisha wote wakafuatiliwa hadi utu uzima. Walipotimiza miaka 40, waliosoma walikuwa na kipato kikubwa zaidi, wengi zaidi walikuwa wamemaliza sekondari, na wachache zaidi walikuwa wamekamatwa na polisi.

Kilichofika Mombasa, hata hivyo, hakikuwa nakala ya Michigan. Darasa liligawanywa katika pembe za kuchezea na kujifunzia. Mtoto alipanga atakachofanya, akakifanya, kisha akawasimulia wenzake alichofanya. Vifaa vilitoka pale pale kijijini: vifuu, kokoto, mbegu, vizibo vya chupa, makopo, ukili na vipande vya kanga. Wapo wanaosema hiyo ilikuwa njia ya kubana matumizi, na kwa kiasi fulani ni kweli. Lakini ilikuwa na maana nyingine pia. Mama aliyeona kifuu cha jikoni kwake kikitumika kufundishia hesabu aliambiwa, bila hotuba yoyote, kwamba nyumba yake si tupu na kwamba yeye mwenyewe ana cha kumfundisha mwanawe. Kwa familia iliyozoea kuelezwa upungufu wake kila inapokwenda kuomba huduma, hilo si jambo dogo.

Utaratibu wa kuanzisha shule ulikuwa na mpangilio. Kwanza jamii iliomba. Kisha iliunda kamati, wanawake wakiwamo, ikatafuta chumba na kuingia makubaliano na asasi. Walimu walikuwa akina mama na mabinti wa mahali hapo, wengi wao wakiwa wamekatiza masomo kabla ya kufika mbali. Asasi iliwafunza, ikawatembelea darasani mara kwa mara kwa muda wa takribani miaka miwili, na ikaifunza kamati kutunza fedha na kumbukumbu. Shule ilipofikia viwango vilivyowekwa, shule yenyewe ilihitimu, na kuanzia hapo ilitakiwa kusimama kwa miguu yake. Kwa njia hiyo zilipatikana shule zaidi ya 200 katika nchi tatu, na walimu waliofunzwa walifikia maelfu.

Je, watoto walinufaika? Mwaka 2008 Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg walichapisha utafiti uliowalinganisha watoto wa Kenya, Zanzibar na Uganda. Waliosoma shule yoyote ya awali walikua kiakili kwa kasi zaidi kuliko waliobaki nyumbani, na wale wa shule za Madrasa waliwazidi wenzao wa shule nyingine za awali. Yaani binti wa kijijini asiye na shahada, akipewa mafunzo ya kweli na mtu wa kumtembelea, aliweza kufundisha vizuri kuliko wengi. Kwa yeyote anayeamini kwamba ubora ni mali ya shule za ada kubwa za mjini, hayo ni matokeo ya kumfanya afikiri upya.

Sasa tufike kwenye jeraha, nalo ni mshahara.

Jamii iliweza kutoa chumba. Iliweza kutoa mchanga, makuti, mikeka na siku za kazi. Ilichoshindwa kukitoa kila mwezi, mwaka hadi mwaka, ni fedha taslimu za kumlipa mwalimu. Ada ilitegemea msimu wa uvuvi, bei ya karafuu au kibarua cha siku. Msimu ulipokuwa mbaya, wa kwanza kukosa alikuwa mwalimu, na mwalimu huyo alikuwa jirani wa wazazi wale wale, akijua fika kwamba hawana. Angewadai kwa uso gani? Akivumilia mwaka wa kwanza na wa pili, wa tatu huondoka, na mafunzo yote aliyopewa huondoka naye.

Asasi haikulifumbia macho tatizo hilo. Ilibuni mfuko wa akiba: jamii ichange, asasi iongezee, fedha ziwekezwe, na faida irudi shuleni. Wasomaji wa pwani mtatambua ndugu wa karibu wa wazo hilo, yaani wakfu, minazi au nyumba iliyotengwa ili pato lake litunze msikiti au chuo. Ulikuwa ubunifu wa heshima. Lakini faida ya mtaji mdogo ni ndogo; ilikusudiwa iwe nyongeza ya malipo ya mwalimu, haikuweza kuwa mshahara wake.

Hapo ndipo naona mpaka wa sentensi niliyoanza nayo. Jamii inaweza kumiliki shule, kuichagulia mwalimu, kuilinda na kuipenda. Haiwezi, ikiwa ni maskini, kuwa hazina ya mishahara. Na tunapoitaka iwe hivyo tusijidanganye kwamba tunaipa mamlaka. Tunachukua kodi kwa wasio nacho, na mtoza wa kodi hiyo ni mwanamke mmoja mwenye watoto 30 mbele yake.

Serikali zetu zimelikaribia jambo hili kwa hatua tofauti. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliingiza elimu ya maandalizi katika mfumo rasmi. Tanzania Bara ilitambua elimu ya awali katika sera ya mwaka 1995, na mwaka 2014 ikaifanya kuwa ya lazima na bila ada. Desemba 2021 ikazinduliwa Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto. Kenya iliandika katika Katiba ya mwaka 2010 kwamba elimu ya awali ni jukumu la kaunti, na kaunti zikaanza kujenga madarasa na kuajiri walimu, ingawa masharti ya ajira yanatofautiana. Hatua ya Kenya inanivutia kwa sababu moja: imemtaja anayewajibika. Mzazi wa Kwale au Kilifi anajua mlango wa kugonga. Kwetu, katika shule shikizi nyingi na vituo vya mitaani, ukiuliza nani anamlipa mwalimu, unajibiwa kwamba anajitolea.

Mwanafunzi mmoja aliniuliza katika semina: kama asasi inafanya vizuri kuliko serikali, kwa nini tusiiachie? Nilimjibu kwamba asasi inaishi kwa ufadhili, na ufadhili una vipaumbele vinavyobadilika. Mtoto wa miaka minne ana mwaka mmoja tu wa kuwa na miaka minne. Asasi inaweza kubuni, kufunza, kupima na kuonyesha njia. Haki ya mtoto, hata hivyo, haiwezi kuegemezwa kwenye andiko la miaka mitatu.

Waswahili husema mkono mmoja haulei mwana. Methali hiyo tumezoea kuielekeza kwa wazazi, kana kwamba ni wao waliokunja mikono. Historia ya shule hizi inaonyesha kwamba mkono wa mama ulikuwapo, wa kamati ulikuwapo, na wa asasi ulikuwapo. Uliochelewa ni wa hazina ya umma.

Kwa hiyo, kwa ndugu zangu watumishi wa umma wanaoandaa bajeti za halmashauri: kabla ya kuandika tena kwamba jamii itahamasishwa, ongezeni mstari mmoja unaotaja kiasi cha fedha atakacholipwa mwalimu wa awali na fungu litakakotoka. Kwa wanaharakati: ulizeni kuhusu mstari huo kabla ya kushangilia uzinduzi. Na kwa wanafunzi wangu: nendeni kwenye kamati za shule hizo, ombeni kuonyeshwa daftari la malipo, mkahesabu miezi ambayo safu ya mwalimu haina kitu. Hapo mtakuwa na tasnifu.