Wanawake wa Nyeri, Kutoka Handakini Hadi Debeni

Kuanzia 1954 serikali ya kikoloni iliwahamishia zaidi ya Wakikuyu milioni moja katika vijiji vyenye ulinzi. Wanaume wengi wa Nyeri walikuwa msituni au kizuizini, kwa hiyo wanawake ndio waliosimamiwa na homgadi, walinzi waliotumikia serikali, kuchimba handaki la maili 50 kando ya msitu wa Mlima Kenya, likachomekwa mianzi iliyochongwa ili chakula kisiwafikie wapiganaji wa Mau Mau. Mchana walichimba. Usiku baadhi yao walitafuta pa kupitishia chakula na habari.

Muthoni wa Kirima yeye aliingia msituni kabisa. Alianza kwa upelelezi, akapanda hadi kuwa fildi masho, mwanamke pekee wa Mau Mau aliyefikia cheo hicho. Alitoka msituni uhuru ulipopatikana, na Bunge lililochaguliwa mwaka huo wa 1963 halikuwa na mwanamke hata mmoja. Yeye mwenyewe aliteuliwa diwani mwaka 1990. Nywele alizotoka nazo msituni hakuzinyoa hadi Aprili 2022, Mama Ngina Kenyatta alipozikata. Akafariki Septemba 2023.

Vyama vingi viliporudi, Martha Karua alichaguliwa mbunge wa Gichugu, Kirinyaga, mwaka 1992. Jimbo la Tetu, Nyeri, lilimpeleka Wangari Maathai bungeni mwaka 2002, na miaka miwili baadaye akatunukiwa Nobeli ya Amani. Mwaka 2007 kiti kikamponyoka.

Kisha ikaja damu ya baada ya uchaguzi huo. Karua alikaa kwenye meza ya mazungumzo ya upatanishi ya Serena, upande wa serikali. Mazungumzo hayo yakafungua njia ya Katiba ya 2010, iliyosema jinsia moja isizidi theluthi mbili ya wanaochaguliwa. Bunge likashindwa kutunga sheria yake, hadi Jaji Mkuu David Maraga akashauri livunjwe, Septemba 2020.

Majirani wa Nyeri wamesonga mbele. Anne Waiguru alishinda ugavana wa Kirinyaga mwaka 2017, na 2022 Meru na Embu nazo zikachagua magavana wanawake, ingawa Kawira Mwangaza wa Meru aling'olewa baadaye. Nyeri haijawahi kuwa na gavana mwanamke, na mwaka 2022 majimbo yake yote sita yalichagua wanaume. Mwanamke akitangaza kuutaka ubunge wa jimbo, huambiwa agombee kiti cha mwakilishi wa akina mama wa kaunti. Sheria haikusema hivyo. Wanaosema ni wanaogawa tiketi za vyama, nasi tunaopanga foleni tunawafuata.